Fidia ya mama Mahlangu

Nimekuwa kimya, zamu za usiku zimenibana kwelikweli. Asubuhi nikitoka hospitali hapa Durban nawaona akina mama wakishuka kwenye daladala, wanapanda Berea kufanya kazi za ndani. Leo niwape kidogo historia inayowahusu.

Sheria ya fidia ya Afrika Kusini ya mwaka 1993 inasema mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, mjane na watoto wake walipwe pensheni na Mfuko wa Fidia, bila kulazimika kuthibitisha kosa la mwajiri. Ila iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani.

Tarehe 31 Machi 2012, huko Pretoria, Maria Mahlangu, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, alizama kwenye bwawa la kuogelea la mwajiri aliyemtumikia miaka 22. Binti yake, aliyekuwa akimtegemea, alipewa na mwajiri randi 5,000. Alipoomba fidia serikalini, akaambiwa hana haki.

Hakukubali. Yeye na chama cha wafanyakazi wa ndani wakaenda mahakamani. Tarehe 19 Novemba 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kuwatenga ni kuvunja katiba, na uamuzi ukarudi nyuma mpaka 27 Aprili 1994. Yaani hata waliofiwa zamani nao waliingizwa.

Sasa wewe mwenye dada wa kazi hapo nyumbani, jiulize: akifia kwako leo, mama yake kule kijijini atapata nini, zaidi ya nauli ya kuja kuchukua maiti?

Wasalaam, nawakumbuka wote.