Wimbo Uvukapo Mpaka

Wimbo hauombi hati ya kusafiria. Huimbwa kijijini leo, na kesho husikika ng'ambo ya bahari. Sheria, kinyume chake, hukomea mpakani. Basi kazi ya msanii inapotumiwa ugenini bila haki, ni sheria ya nchi ipi itakayoamua? Swali hili ni la mawakili, lakini pia ni la historia, na yafaa tulitazame.

Zamani kila nchi ilijali ya wenyewe. Vitabu vya Charles Dickens, Mwingereza, vilichapwa Marekani bila idhini yake, kwani hadi mwaka 1891 sheria ya huko iliwalinda raia na wakazi wake tu. Ili kupunguza dhuluma ya namna hiyo, Mkataba wa Bern ulitiwa sahihi nchini Uswisi mwaka 1886. Nguzo zake kubwa ni mbili: mgeni apewe haki sawa na mwenyeji, na kiasi cha ulinzi kifuate sheria ya nchi ambako ulinzi huo unadaiwa. Kwa hiyo mtunzi hana haki moja ya dunia nzima, bali ana haki nyingi, kila nchi na yake. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994.

Maana ya jambo hili yaonekana katika kisa cha Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu. Mwaka 1939 alirekodi mjini Johannesburg wimbo wa "Mbube", yaani simba, na haki zake zikauzwa kwa shilingi chache. Mwaka 1961 kikundi cha The Tokens kiliuimba Marekani kwa maneno ya Kiingereza, ukavuma duniani. Mwaka uliofuata Linda alifariki, naye ni fukara. Mwaka 1994 wimbo huo ukasikika katika filamu ya The Lion King.

Je, warithi wangedai nini, hali haki zilikwisha kuuzwa? Mawakili waliifukua Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyoenea katika dola yake. Sheria hiyo ilisema kwamba mtunzi akiuza haki zake, mauzo hayo hukoma miaka 25 baada ya kufa kwake, na haki huwarudia warithi. Kwa hoja hiyo, haki za "Mbube" zilirudi mwaka 1987, lakini katika nchi zilizofuata sheria ile tu. Marekani haikuwamo.

Mwaka 2004 msimamizi wa mirathi aliishtaki kampuni ya Disney mjini Pretoria. Kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa ya kigeni, alama zake za biashara zilizoandikishwa Afrika Kusini zilizuiliwa kwa amri ya mahakama, ili shauri lipate kusikilizwa huko huko. Mwaka 2006, kabla ya hukumu, mapatano yalifikiwa, na warithi wakakubaliwa malipo ya miaka iliyopita na ya miaka ijayo.

Tazameni ajabu ya historia: sheria iliyoletwa na mtawala ndiyo iliyowatetea watoto wa mtawaliwa. Lakini haki hiyo ilikuja baba yao amekwisha zikwa. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twawausia vijana wetu watungao mashairi na nyimbo: kabla ya kutia sahihi, someni mkataba, na muulize unazihusu nchi zipi.