Kalenda, Ute na Shanga: Miaka Mia ya Uzazi wa Mpango wa Asili

Wazee wetu walipishanisha watoto kwa kunyonyesha muda mrefu na kwa mume na mke kutengana kitanda. Waliorudiana mapema walisemwa kwamba wamembemenda mtoto. Sayansi ilichelewa. Mwaka 1924, Kyusaku Ogino, daktari wa Niigata, Japani, alionyesha kwamba yai hupevuka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi inayofuata. Hermann Knaus wa Austria akafikia jambo linalokaribiana na hilo miaka michache baadaye, na hapo ikazaliwa njia ya kalenda: kuhesabu siku na kujizuia zile za hatari.

Walioitegemea kalenda peke yake walishtukia mimba mara nyingi, kwa kuwa mzunguko hubadilika. Wataalamu wakahamia kwenye dalili: joto la mwili linalopanda kidogo yai likishatoka, kisha ute wa ukeni. Kuanzia miaka ya 1950, John Billings wa Melbourne, na baadaye mkewe Evelyn, daktari pia, walifundisha wanawake kuutambua ute huo: ukiwa mwepesi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, siku za kushika mimba zimewadia. Papa Paulo VI alipotoa waraka wa Humanae Vitae mwaka 1968, uliokataza njia zisizo za asili za kuzuia mimba, mafunzo haya yakawa mzigo na tumaini la familia nyingi za Kikatoliki.

Je, wanandoa waliiweza? Shirika la Afya Duniani liliijaribu njia ya ute katika miji mitano: Auckland, Bangalore, Dublin, Manila na San Miguel ya El Salvador. Zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 waliweza kuutambua ute wao tangu mzunguko wa kwanza, wakiwemo wasiosoma. Walioshika masharti, mimba zilikuwa kama 3 kwa wanawake 100 kwa mwaka. Kwa jumla zilifika kama 22. Nyingi zilitokana na wanandoa kukutana siku walizojua wazi kuwa ni za hatari. Kujifunza kulikuwa rahisi. Kuvumiliana ndiko kulikowashinda.

Miaka ya 2000 zikaja shanga za mzunguko zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Georgetown, zikafika hadi Rwanda na Kongo. Ni punje 32, zikiwemo nyekundu ya siku ya kwanza ya hedhi na 12 nyeupe za siku za hatari. Mke husogeza kipete cha mpira kila siku, na mume akitazama tu anajua leo ni siku gani. Zinamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32.

Wanaoridhika na njia hizi husifu mazungumzo ya chumbani na kukosekana kwa madhara ya dawa. Wanaolalamika hutaja kujizuia. Wote wanatuelekeza kwa mume. Mke asiyeweza kusema "leo hapana" akasikilizwa, hata ajue mwili wake namna gani, hana njia ya uzazi wa mpango. Kliniki inayofundisha njia za asili na imwite baba darasani tangu siku ya kwanza; na pale asipokubali, mama apewe njia nyingine bila kulaumiwa.