Kura Moja ya Chake Chake

Kila Uingereza inapokaribia uchaguzi mkuu, na raia wake wakaonekana kugawanyika, wajuzi wa siasa huanza kuulizana swali lile lile: itakuwaje iwapo hapana chama kitakachopata zaidi ya nusu ya viti vya Bunge? Swali hili si geni huko. Katika Februari 1974 chama cha Labour kilipata viti 301 na Conservative 297, katika Bunge lenye viti 635. Na ajabu ni kwamba Conservative, waliopungukiwa na viti, ndio waliozidi kwa kura. Waziri Mkuu Edward Heath hakuondoka upesi. Alikaa siku kadhaa akijaribu kupatana na Liberal, akashindwa, akajiuzulu tarehe 4 Machi. Harold Wilson akaunda serikali iliyokuwa na viti pungufu ya nusu, akaitisha uchaguzi mwingine Oktoba ya mwaka ule ule, akapata wingi wa viti vitatu tu. Mwaka 2010 mambo yalirudi: Conservative walipata viti 306 katika 650, wakazungumza na Liberal Democrat kwa siku tano, wakaunda serikali ya pamoja. Katika habari zote hizi hapana nyumba iliyochomwa wala mtu aliyekatwa panga.

Msomaji aliyekulia Mollo, au Sumbawanga, au kijiji chochote cha uwanda wa juu wa Ufipa, aweza kudhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu wenyewe. Ana sababu ya kudhani hivyo, kwa maana Tanganyika haikupata kuonja uchaguzi wa namna hiyo. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilishinda viti 70 katika viti 71, na 58 kati ya hivyo ilivipata bila kupingwa. Katika sehemu nyingi za nchi mtu hakuulizwa hata kwenda kupiga kura. Waliolelewa katika hali hiyo waliona ni jambo la maumbile kwamba nchi husema kwa sauti moja. Na naona kwamba mengi yaliyoandikwa Bara juu ya Zanzibar tangu wakati ule yameharibika kwa sababu hiyo. Mwandishi wa Bara hutazama visiwa na kuuliza ni nani aliyeleta fitina. Swali la kwanza lingekuwa: je, ikiwa watu wamegawanyika sawasawa kweli kweli, sheria ya kuhesabu kura yaweza kuwaambia nini?

Sheria ya kuhesabu iliyotumika Unguja na Pemba ilikuwa ile ile ya London. Kila jimbo hutoa mjumbe mmoja, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye huchukua kiti, hata akizidi kwa kura moja. Uchaguzi wa kwanza wa namna hii ulifanyika Julai 1957, kwa viti sita tu, na Hizbu, yaani chama cha ZNP, hakikupata hata kimoja. Ng'ambo, Abeid Amani Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani. Miezi iliyofuata ilikuwa michungu. Siasa iliingia madukani, watu wakasusa kununua kwa wasio wenzao. Ikaingia mashambani, wakulima waliokuwa wakilima chini ya minazi na mikarafuu ya wenye ardhi wakafukuzwa. Ikaingia hata mazishini. Mwishoni mwa mwaka 1959 ASP yenyewe ilipasuka, na Muhammad Shamte, Ameri Tajo na wenzao wakaunda ZPPP, chama ambacho nguvu yake ilikuwa Pemba.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hali ya visiwa walipopiga kura tarehe 17 Januari 1961, kwa viti 22. ASP ilipata viti kumi, Hizbu tisa, na ZPPP vitatu. Hesabu hii huonekana ya kawaida mpaka mtu aitazame vizuri. Kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa kura moja. Kura moja tu. Mtu mmoja angaliugua asubuhi ile, au angalichelewa njiani, basi hesabu nzima ya Zanzibar ingalikuwa nyingine, kama tutakavyoona.

Ikawa kila jicho liwaelekee wajumbe watatu wa ZPPP. Wakienda kwa ASP, serikali ni ya ASP. Wakienda kwa Hizbu, serikali ni ya Hizbu. Hawakwenda pamoja. Ali Sharif Musa alikwenda kwa ASP, na wawili, akiwamo Shamte mwenyewe, wakaungana na Hizbu. Kumi na mmoja akawa kumi na moja. Na tisa na wawili wakawa kumi na mmoja. Baraza la Kutunga Sheria likasimama sawasawa, kumi na moja kwa kumi na moja, kama mizani ambayo hapana aliyetia punje ndani yake. Na sasa tuirudie ile kura ya Chake Chake: lau kiti kile kingaliangukia Hizbu, kambi moja ingalikuwa na kumi na wawili na ya pili kumi. Serikali ingaliundwa siku ile ile, kwa idhini ya mpiga kura mmoja asiyejulikana jina.

Balozi wa Kiingereza, Sir George Mooring, aliona njia moja tu: serikali ya muda iwekwe, kiti kimoja kiongezwe ili viti visigawanyike sawasawa tena, na watu warudi kupiga kura mwezi Juni. Njia hii kwa Mwingereza ni ya busara, na miaka kumi na mitatu baadaye Wilson aliifuata kwake mwenyewe. Lakini kuna tofauti ambayo Balozi, nadhani, hakuipima vya kutosha. Mwingereza akishindwa Februari hujua kwamba atakuja shinda siku nyingine. Nchi ni ile ile, na bendera ni ile ile. Unguja mwaka 1961 kila mtu alijua kwamba serikali itakayokuwamo ndiyo itakayokwenda London kuzungumzia uhuru, na pengine ndiyo itakayoupokea. Kura ya Juni haikuwa ya miaka mitano. Wengi waliiona kuwa ni kura ya vizazi vyao vyote: nani mwenye nchi na nani mgeni ndani yake. Kuongeza kiti kimoja kuliweza kuondoa usawa wa hesabu, wala hakukuweza kuuondoa usawa wa watu.

Tarehe 1 Juni 1961 watu walirudi vituoni. Safari hii Hizbu na ZPPP walikuwa wamepatana mapema. ASP ilipata karibu nusu ya kura zote, zaidi kidogo ya zile za wapinzani wake wawili zikijumlishwa. Viti ilipata kumi, Hizbu kumi, ZPPP vitatu. Kambi ya Hizbu na ZPPP ikawa na 13, ASP 10, na Shamte akawa Waziri Kiongozi. Siku ile ile ya kupiga kura ghasia zilianza mjini, zikaenea mashamba ya Unguja. Watu 68 waliuawa, wengi mno wao Waarabu, na karibu 400 wakajeruhiwa. Askari waliletwa kutoka Bara. Baadaye iliundwa tume chini ya Sir Stafford Foster-Sutton ichunguze sababu za ghasia.

Hapa napenda kusimama kidogo, na kurudi Ufipa, maana wazee wa huko wana kisa kinachogusa jambo hili. Yasemwa kwamba mfalme wa kwanza, Ntatakwa, alikaa Milansi, na ukoo wake ukatawala hapo. Siku moja, mfalme wa Milansi akiwa hayupo, amekwenda kuwinda, walifika wanawake watatu wageni. Mke wa mfalme akawakaribisha, nao wakakaa juu ya kigoda cha mfalme. Aliporudi akakuta kigoda kimekaliwa. Hakuwaua, wala hakufukuzwa nchini. Wageni, ambao kwao hutoka ukoo wa Watwa, walichukua utawala; mfalme wa Milansi akabaki na ardhi yake ndogo na heshima yake ya kikuhani, heshima ambayo Watwa wenyewe walihitaji kuitambua. Wataalamu wa Ufipa, Roy Willis mbele yao, wameandika mengi juu ya maana ya kisa hiki. Kwa haja yetu yatosha kuona kwamba walikutana watu wawili wenye haki, na hapana aliyeambiwa kwamba haki yake ni bure kwa kuwa mwenzake ana zaidi.

Sisemi kwamba Unguja ingeliokolewa na kigoda. Visa vya asili hupambwa, na Ufipa wenyewe haukukaa kwa amani milele: Watwa waligawanyika, Nkansi upande mmoja na Lyangalile upande wa pili, na vita vikapiganwa baina yao kabla Wajerumani hawajaingia. Lakini kisa chatupa kipimo. Katika katiba waliyopewa Wazanzibari hapakuwa na nafasi yoyote ya Milansi. Aliyepata 13 alipata vyote. Aliyepata 10, hata kama kura zake zilikuwa nyingi zaidi, alipata benchi la upinzani na ahadi ya uchaguzi mwingine.

Ahadi hiyo ilitimizwa kwa namna ya kejeli. Mkutano wa katiba uliofanyika London mwaka 1962 ulivunjika, kwa kuwa ASP ilitaka uchaguzi kabla ya madaraka ya ndani na serikali haikutaka. Uchaguzi ulipofanyika hatimaye, Julai 1963, viti vilikuwa vimeongezwa kuwa 31. ASP ilipata asilimia 54 ya kura. Viti ilipata 13. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6. Watetezi wa serikali walisema, na walisema kweli, kwamba hata Uingereza mambo haya hutokea: mwaka 1951 Labour ilizidi kwa kura na Conservative wakatawala, bila manung'uniko makubwa. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo machache ya Unguja, zikapotea bure. Za wapinzani wake zilitawanyika kwa faida. Hapana wizi hapo, ni hesabu tu. Ila mwana-ASP wa Ng'ambo aliyepiga kura mara tatu katika miaka miwili na nusu, na mara ya tatu akajua kwamba wenziwe ni zaidi ya nusu ya wapiga kura wote, hakuwa na sababu ya kuistahi hesabu. Uhuru ulipokewa tarehe 10 Desemba 1963, Shamte akiwa Waziri Mkuu. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, siku ya thelathini na tatu.

Wako wanaosema kwamba mapinduzi yalimaliza usawa ule. Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa Oktoba 1995 ulitoa jawabu: kwa hesabu iliyotangazwa, Salmin Amour alipata asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad 49.8, katika Baraza la Wawakilishi CCM viti 26 na CUF 24. Miaka zaidi ya thelathini, utawala wa chama kimoja, vizazi vipya kabisa, na mizani ilikuwa pale pale ilipoachwa Januari 1961. Yalifuata mabishano, Muafaka wa mwaka 1999, damu ya Januari 2001, Muafaka wa pili mwaka huo huo. Mwishowe tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kama wataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakakubali. Katiba ikabadilishwa: chama cha pili hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri hugawanywa kwa kadiri ya viti. Maalim Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza mwaka huo.

Mpango ule ulivunjika baada ya uchaguzi wa mwaka 2015, uliofutwa tarehe 28 Oktoba matokeo yakiwa bado yatangazwa, na CUF ikasusia marudio ya Machi 2016. Ukafufuliwa Desemba 2020. Mtu aweza kuuliza kama kilichogawanywa ni utawala au ni vyeo tu, maana Rais huwa na madaraka ambayo Makamu wa Kwanza hana. Huko Milansi swali hilo pia lilikuwapo: aliyebaki na ukuhani alibaki na nini hasa, na aliyekalia kigoda alimhitaji kwa kiasi gani?