Kutenga kumbukumbu ya simu: Mahali pa kuanzia pana uzito sawa na ukubwa

MFANYABIASHARA wa ndizi katika soko la Mitunguu, Imenti Kusini, Kaunti ya Meru, anapofungua programu ya benki katika simu yake, haioni kazi inayofanywa na keneli, yaani kiini cha mfumo unaoiendesha simu hiyo. Keneli ndiyo inayogawa kumbukumbu: sehemu hii ni ya kamera, ile ni ya programu ya benki, na nyingine ni ya keneli yenyewe. Ikikosea katika ugavi huo, programu hukataa kufunguka, simu hujizima au, lililo baya zaidi, habari za programu moja huangukia mikononi mwa nyingine.

Wengi hudhani kwamba tatizo pekee la kumbukumbu ni kujaa. Sivyo. Nafasi inaweza kuwa tele na kiasi kilichoombwa kikawa sahihi, lakini kazi ikaharibika kwa sababu sehemu iliyotengwa imeanza mahali pasipofaa. Suala hili ndilo upangaji wa mipaka.

Mfano wa shamba

Wakazi wa Mitunguu, ambako ndizi hukuzwa kwa kilimo cha umwagiliaji, watalielewa jambo hili upesi. Tuchukulie shamba refu lililogawanywa katika vitalu vya hatua 16 kila kimoja, kila kitalu na vali yake ya maji. Kitalu cha kwanza kinaanza hatua ya 0, cha pili hatua ya 16, na cha tatu hatua ya 32. Mkulima akikodishiwa hatua 16 kuanzia ile ya 16, atafungua vali moja na kumwagilia mimea yake tu. Akipewa hatua zizo hizo 16 lakini kuanzia ile ya 20, sehemu yake itaingia katika vitalu viwili. Atahitaji vali mbili, na kila atakapozifungua atamwagilia pia mimea ya majirani. Ukubwa haukubadilika, kilichobadilika ni mwanzo.

Kumbukumbu nayo imegawanywa vivyo hivyo. Kila baiti ina anwani yake, na keneli huzikusanya baiti hizo katika kurasa. Kwa miaka mingi, ukurasa mmoja katika simu na kompyuta nyingi umekuwa wa baiti 4,096, yaani kilobaiti 4. Ruhusa ya kusoma au kuandika hutolewa kwa ukurasa mzima, wala si kwa nusu yake. Hivyo basi, eneo lililotengewa kamera likianzia katikati ya ukurasa na kufunguliwa, sehemu iliyosalia ya ukurasa huo, ambayo huenda ina habari za programu nyingine, nayo hufunguka.

Prosesa pia zina masharti yake. Namba ya baiti 4 hutarajiwa kuanza kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Prosesa za Intel kwa kawaida huvumilia kosa hili, ingawa pengine kazi huchelewa. Prosesa za ARM za vizazi vya awali zilikuwa na hatari zaidi: ziliweza kurudisha baiti zilizozungushwa, bila kutoa onyo lolote.

Desturi iliyogeuzwa ahadi

Keneli ya Linux, ambayo ndiyo msingi wa Android, hutenga kumbukumbu kwa njia kadhaa. Simu inapowaka, kazi hiyo hufanywa na memblock, ambayo huelezwa mambo mawili: ukubwa na mpaka. Baadaye vipande vidogo hutolewa na kmalloc, ambayo huelezwa ukubwa tu.

Kwa kuwa kipande cha baiti 512 kwa kawaida kilianza kwenye anwani inayogawanyika kwa 512, baadhi ya watunzi wa programu walizoea kulitegemea jambo hilo, ilhali hakuna aliyewaahidi. Zana za kusaka makosa zilipowashwa, ziliongeza baiti za ulinzi kando ya kila kipande na mianzo ikasogea. Mfumo wa kuhifadhi faili wa XFS ulikuwa miongoni mwa walioathirika. Toleo la 5.4 la Linux, lililotoka Novemba 2019, liliigeuza desturi hiyo kuwa ahadi kwa ukubwa unaopatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 mfululizo, mathalani 64, 512 au 4,096.

Kurasa kubwa zaidi

Suala hili limerejea kwa kishindo. Android 15, iliyotolewa mwaka 2024, ilileta uwezo wa kutumia kurasa za kilobaiti 16, yaani baiti 16,384. Faida yake ni kwamba keneli huwa na kurasa chache za kufuatilia. Hasara ni kwamba kitu kidogo hushika ukurasa mkubwa.

Tazama anwani 20,480. Inagawanyika kwa 4,096 mara 5 kamili, lakini haigawanyiki kwa 16,384. Mwanzo ukirudishwa nyuma hadi 16,384, baiti 4,096 za jirani humezwa. Ukisogezwa mbele hadi 32,768, baiti 12,288 hurukwa. Programu iliyotungwa kwa kudhani kwamba ukurasa ni wa kilobaiti 4 daima huenda ikakataa kufunguka katika simu ya namna hii.

Google ilitangaza kwamba kuanzia Novemba 1, 2025, programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 na matoleo ya baadaye lazima yazimudu kurasa hizo ili yapokewe katika duka lake. Zinazohusika hasa ni programu zenye sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C au C++. Zile za Java au Kotlin pekee kwa kawaida haziguswi.

Kwa mtunzi wa programu, tiba ni kuuliza mfumo ukubwa wa ukurasa badala ya kuukisia, na kukagua anwani ya mwanzo kila anapotenga kumbukumbu. Kwa mfanyabiashara wa Mitunguu, lililo muhimu ni kusasisha programu zake. Na iwapo programu ya benki itagoma katika simu mpya yenye nafasi tele, asiharakishe kufuta picha zake wala kuulaumu mtandao: huenda kosa liko kwenye mpaka.