Memcached: kisa kilichomo ndani ya mstari mmoja

Wengi wetu tunaijua memcached kwa mstari huu, ambao kwa kawaida tumeunakili kutoka kwa mwenzetu kazini:

memcached -d -m 64 -p 11211 -u nobody

Unabonyeza Enter, tovuti inakuwa nyepesi, unaendelea na mambo mengine. Mimi napenda kuuliza kila herufi ilitoka wapi. Na katika mstari huu, chaguo lenye kisa kizito zaidi ni lile ambalo halimo.

Turudi Marekani, mwaka wa 2003. Brad Fitzpatrick alikuwa ameanzisha LiveJournal mwaka wa 1999, tovuti ya watu kuandika shajara zao. Watumiaji walipozidi, hifadhidata ya MySQL ikawa inaulizwa maswali yale yale kila ukurasa ulipofunguliwa. Wakati huo huo seva za wavuti zilikuwa na RAM iliyolala bure: kidogo hapa, kidogo pale. Fitzpatrick akaona azikusanye hizo RAM zitumike kama ghala moja. Aliandika programu ya kwanza kwa Perl, kisha Anatoly Vorobey akaiandika upya kwa C.

Ndiyo maana -m ipo: unaiambia ichukue megabaiti ngapi, na usipoitaja inachukua 64. Ghala likijaa, vitu ambavyo havijaguswa kwa muda mrefu hutupwa ili vipya vipate nafasi. (Ukiweka -M inakataa kutupa na kukurudishia kosa. Sijawahi kuona haja yake.) -d inaiachanisha na terminali yako ifanye kazi kimyakimya. -u ni ya mtumiaji, na ukijaribu kuianzisha kama root bila kuitaja, inagoma.

Amri zake unaweza kuziandika kwa mkono kupitia telnet:

set jina 0 60 5
Amina
STORED

Yaani: hifadhi "jina", alama 0, sekunde 60, baiti 5. Kisha "get jina" inakurudishia Amina. (Jihadhari na hizo sekunde: zikipita 2,592,000, yaani siku 30, memcached inazichukua kama tarehe ya Unix, na kitu chako kinakuwa kimeisha muda papo hapo.)

Umeona mahali tumeulizwa nywila? Hakuna. Yeyote anayefika mlango 11211 anaweza kusoma kila kitu, na kwa "flush_all" akabatilisha vyote. Ndani ya mtandao wa LiveJournal hilo halikuwa tatizo, kwani seva zilikuwa za nyumba moja. Uthibitishaji wa SASL kwa chaguo la -S uliongezwa mwaka wa 2009, lakini lazima uuwashe mwenyewe.

Sasa lile chaguo lisilokuwemo: -l, la anwani ya kusikilizia. Usipoliweka, memcached inasikiliza kwenye anwani zote za mashine, hata ile inayoonekana na dunia nzima. Halafu kulikuwa na UDP. Facebook, waliokuwa na seva nyingi za memcached, waliitumia kwa "get" ili kuokoa kumbukumbu inayoliwa na kila muunganisho wa TCP. Kwao ilikuwa busara. Shida ni kwamba katika UDP ni rahisi kughushi anwani ya mtumaji: unauliza kwa jina la mwingine, jibu linamwangukia yeye.

Februari 2018 wahalifu walilitambua hilo. Cloudflare waliripoti kuona ombi la baiti 15 likizaa jibu la kilobaiti 750. Tarehe 28 mwezi huo GitHub ilipigwa na mafuriko ya terabiti 1.35 kwa sekunde, ikazimika kwa dakika chache. Seva zilizotumika hazikuwa zimevunjwa na mtu. Zilikuwa zinajibu walioziuliza, kama zilivyoandikwa kufanya.

Toleo la 1.5.6, lililotoka siku hizo hizo, lilizima UDP kama hujaiomba. Debian huweka -l 127.0.0.1 kwenye /etc/memcached.conf, lakini ukiijenga mwenyewe kutoka msimbo, hilo ni jukumu lako. Kwa seva yenye toleo la zamani mimi huandika hivi:

memcached -d -m 64 -p 11211 -u nobody -l 127.0.0.1 -U 0

Kisha "ss -lntu | grep 11211". Ukiona 0.0.0.0:11211 hapo, bado unasikilizwa na wote.