Moto Uvutao Ndagala

Mtu akiingia katika soko la Kinama, kaskazini ya mji wa Bujumbura, ataona makaa yakiuzwa, na ataona pia ndagala wakavu. Kwamba makaa ni mali ya moto, hakuna asiyejua. Lakini ndagala nao, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, historia yao imefungamana na moto, kwa kuwa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga. Twapenda kuieleza historia hiyo kwa walimu wenzetu, maana wanafunzi wengi hudhani kuwa moto huumba joto na mwanga pasipo kitu.

Hapo zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi, na ndagala walipokusanyika waliwateka kwa wavu wenye mpini mrefu. Je, nguvu ya moto ule ilitoka wapi? Ilitoka juani. Mti ukuapo hutumia mwanga wa jua kuunganisha maji na hewa ya ukaa, ukajijenga mwili wake, na sehemu ya nguvu ile ikawekwa akiba ndani ya kuni. Kuni zikiwashwa, kaboni na haidrojeni zake huungana na oksijeni ya hewani, na ile akiba hutoka ikiwa joto na mwanga. Zamani wataalamu wa Ulaya waliamini kuwa kitu kinachoungua hupoteza dutu iitwayo flojistoni. Antoine Lavoisier wa Ufaransa, katika miaka ya 1770, alionyesha kwa mizani kuwa kuungua ni kuungana na sehemu ya hewa.

Katika miaka ya 1950 taa za karabai zilienea ziwani. Kilo moja ya kuni kavu huwa na nishati ya megajuli 16 hivi. Kilo ya mafuta ya taa huwa na 43 hivi. Lakini siri ya karabai si mafuta peke yake. Mwanga wa manjano wa kuni hutokana na chembe za masizi zilizopata moto, na nguvu nyingi hupotea ikiwa joto tu. Katika karabai, mafuta husukumwa kwa pampu, yakawa mvuke, yakachanganyika na hewa, yakawaka kwa muali wa buluu wenye joto kali. Joto hilo hukitia nuru kifuko chepesi cha madini, uvumbuzi wa mwaka 1885 wa Carl Auer von Welsbach wa Austria. Siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za betri, lakini moto haujatuacha.

Majumbani Kinama ungalimo katika jiko la makaa, liitwalo imbabura kwa Kirundi. Kilo ya makaa huwa na megajuli 30 hivi. Hata hivyo, tanuri la udongo hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mti kabla makaa hayajafika sokoni. Kwa hiyo kila gunia lina miti mingi kuliko ionekanavyo. Tena, makaa yakikosa hewa ya kutosha, kuungua hakukamiliki: hutoka kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Mtu aliyefunga dirisha usiku wa mvua, akalala na imbabura chumbani, huenda asiamke. Somo hili, basi, si la mtihani tu.

Lugha yetu yenyewe yatusaidia kulifundisha. Twasema kuni zinawaka, na mtu anaziwasha. Mwenye kuwasha hafanyi ila kuanzisha. Zinazowaka ni kuni, kwa akiba yake na kwa hewa inayozizunguka. Mwanafunzi akizishika kauli hizo mbili barabara, ameushika moto bila ya kuungua. Na usiku wa mvua atakumbuka kufungua dirisha.