Nyasi za Delta ya Tana: Zamani zilipandwa na mto, leo zinasubiri mkono wa watu

Kiangazi kikikolea, ng'ombe wa Waorma na Wawardei hushika njia ya kuelekea delta ya Tana. Hutoka nyikani, kulikokauka, wakafuata malka, yaani njia za mifugo kwenda mtoni, hadi kwenye tambarare zinazopakana na vijiji vya Wapokomo: Hewani, Wema, Kulesa. Ni safari iliyorithiwa kwa vizazi. Kinachofuatwa si maji peke yake. Ni nyasi, na nyasi hizo zina historia yake.

Mkulima wa kwanza wa malisho haya alikuwa mto wenyewe. Tana huteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, ukasafiri takriban kilomita 1,000 kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Mara mbili kwa mwaka, mvua za bara zilipokolea, ulivuka kingo na kutandaza tope lenye rutuba. Mpokomo alipanda mpunga wake maji yalipopanda, na mahindi yalipopwa. Penye mabonde yanayotuamisha maji iliota nyasi ambayo wataalamu huiita Echinochloa stagnina: hurefuka kadiri maji yanavyopanda, na yakishuka huachwa ikiwa mbichi wakati nyika nzima imekauka. Baada ya mavuno ng'ombe walikula mabua shambani na kuacha samadi. Mafuriko yaleyale yalimlisha mkulima na mfugaji.

Mto ulipofungwa

Mabadiliko yalianzia mbali na delta, huko juu mtoni. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nchi ilipata umeme, lakini vilele vya mafuriko vilipungua, na tope jingi likazama mabwawani. Mabonde yaliyozoea kuloweshwa kila msimu yakaanza kukosa zamu.

Ndani ya delta, mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ulizungushia tuta sehemu ya ardhi ya maeneo ya Hewani na Wema. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yaliuharibu vibaya. Huko Bura, juu ya delta, mti wa mathenge uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uwe kuni za walowezi wa mradi wa umwagiliaji. Mti huo ukatoroka mashambani, ukafuata mto, na penye kivuli chake nyasi hazioti. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa magugu hatari.

Malisho yalipobanwa, mifugo ilirundikana palipobaki, na kwato zikaugandamiza udongo hadi ukawa mgumu kama sakafu. Tusidanganyane kuhusu gharama yake. Mapigano ya wakulima na wafugaji ya 2001, na yale ya 2012 yaliyoua zaidi ya watu 50 katika siku moja huko Riketa, yalikuwa na siasa ndani yake, lakini pia yalihusu njia ya ng'ombe, shamba na maji.

Mbegu hailali juu ya sakafu

Kupanda nyasi upya si jambo geni Kenya. Serikali ya kikoloni, kupitia ALDEV, mpango wa kuendeleza ardhi za Waafrika wa 1946 hadi 1962, ilijaribu kufufua ardhi zilizochakaa Ukambani na Baringo. Mwaka 1967 wataalamu wa malisho A. V. Bogdan na D. J. Pratt walichapisha mwongozo wa kazi hiyo. Miaka ya karibuni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamezifanyia majaribio nyasi za asili, zikiwemo Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, kwa umwagiliaji katika Kaunti ya Tana River.

Kanuni zenyewe ni nyepesi kusema. Ardhi iliyogandamana huchimbuliwa, au hukatwa vijitaro vya nusu mwezi vya kunasa maji ya mvua. Mbegu iliyovunwa leo haifai kupandwa kesho. Huwekwa miezi kadhaa kwanza ili iamke. Hupandwa kabla ya mvua, na hufunikwa kwa udongo kidogo sana, maana ni ndogo na ikizikwa chini haichomozi. Kisha eneo hufungwa mpaka nyasi zishike mizizi na kudondosha mbegu zake zenyewe.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kundi moja likiingia usiku mmoja, kazi ya msimu mzima imeliwa. Ndiyo maana naamini historia ya malisho ya delta haiwezi kutenganishwa na historia ya mazungumzo. Septemba 2012 delta ilitambuliwa kuwa ardhioevu ya Ramsar, yaani yenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600, mwezi uleule watu walipokuwa wakizikana. Mwaka 2015 ukazinduliwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa delta, uliobainisha sehemu za kulima, za kulisha na za kuhifadhi.

Mpango huo unahitaji kulindwa na wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, pamoja na wazee wa Waorma na Wawardei. Mto hautarudi kupanda kama zamani. Wanaobaki ni jirani na jirani yake, wakikubaliana bonde lipi lipumzike mvua hii, na malka ipi ibaki wazi.